Niacheni na Marinda Yangu

Kama kuna kiumbe asiyehitaji kufundishwa kutembea bila suruali, ni mwanamume wa Pwani. Nimekulia Tanga. Kikoi nilijua kukifunga kabla ya kamba za viatu. Nimekwenda nacho dukani, nimekaa nacho barazani mpaka kahawa ikapoa, na hakuna aliyewahi kunisimamisha njiani aniulize humo ndani mna nini. Leo naishi Glasgow, nimenunua kilti, na kila mwenye mdomo ana somo la kunipa.

Kwa ambaye hajaiona ila kwenye sinema, kilti ni vazi la wanaume wa Uskoti: kitambaa cha sufu chenye miraba, mbele bapa, nyuma marinda, hufungwa kwa vikanda vya ngozi na kuishia magotini. Ile rasmi hula yadi 8. Ukitaka kushonewa kwa kipimo chako, andaa mamia ya pauni na usimwambie mama watoto. Yangu ni ya mtumba, sufu halisi, na aliyeivaa kabla yangu alikuwa na kitambi kama changu, Mungu ambariki popote alipo.

Wenyeji wenyewe huivaa harusini na kwenye mechi za timu ya taifa. Siku nyingine iko kabatini inaliwa na nondo. Hapo ndipo uchungu wangu unapoanza, maana hawa ni watu waliowahi kukatazwa vazi hili kwa sheria. Waasi wa Nyanda za Juu za Uskoti waliposhindwa vita vya Culloden mwaka 1746, Bunge la London lilipiga marufuku mavazi yao: kosa la kwanza miezi 6 jela, kosa la pili unasafirishwa ng'ambo miaka 7. Aliyesalimika ni askari wa mfalme tu. Sheria ikafutwa mwaka 1782. Mtu anyimwe kitu chake miaka 36, akirudishiwa akitundike kabatini kusubiri harusi ya binamu! Sisi tungeivaa mpaka ipauke, kwa ukaidi tu.

Basi nikaamua kuivaa Jumamosi isiyo na sherehe, kwenda kununua mkate na maziwa. Sikuvaa lile koti fupi lenye vifungo vya fedha wala tai ya kipepeo. Nilivaa fulana, sweta, soksi nene nimezishusha, na buti. Kile kisu kidogo wanachochomeka kwenye soksi, ambacho sheria inakiruhusu kama sehemu ya vazi la taifa, nilikiacha pia. Mtu wa rangi yangu kwenda kununua maziwa na kisu ni kutafuta maneno na polisi.

Sijafika chini ya ngazi, jirani yangu akanikamata. Ni mzee mstaafu ambaye sijamwona hata siku moja ndani ya kilti. Akanizunguka. Upindo, akasema, uishie katikati ya goti. Kiunoni ipande hadi kitovuni, isining'inie nyongani kama jinzi za vijana. Na pini ya mapambo ya mbele ichomwe kwenye kipande cha juu peke yake, maana ukichoma vipande vyote viwili kitambaa huvutana, halafu huchanika. Yote matatu aliyasema akitazama kilti iliyovaliwa vilevile alivyokuwa anaeleza. Nikamshukuru. Ningefanyaje, na ndiye anayenipokelea vifurushi?

Kisha akauliza: "Na miraba hii, wewe ni wa ukoo gani?"

Hilo la koo ndilo linalonikera kuliko yote. Unaambiwa kila ukoo una tartani yake, yaani miraba yake, tangu dunia iumbwe, na mgeni asivae ya wenyewe. Ukweli ni kwamba ada hii ilishika kasi mwaka 1822, mfalme George IV alipozuru Edinburgh na mwandishi Walter Scott akapewa kazi ya kuandaa sherehe. Akataka watu waje na miraba ya koo zao, na wasiokuwa nayo wakakimbilia kwa wafumaji kuitafuta. Mwaka 1842 wakaja ndugu wawili waliojiita wajukuu wa mwanamfalme Charles Edward Stuart, wakachapisha kitabu cha tartani za koo walichodai kimenakiliwa kutoka hati ya kale. Hati yenyewe hawakuwaonyesha wataalamu. Mpaka leo ziko koo zinavaa miraba iliyotoka humo kwa kifua mbele. Sicheki. Kwetu tuna familia zinazodai zilitoka Shiraz ambazo njia ya Shiraz hazijui. Mimi nimevaa Black Watch, kijani na buluu iliyokolea, miraba ya kikosi cha jeshi inayouzwa kwa yeyote mwenye hela, na shajara ya nasaba yangu nimeiacha Tanga.

Huyo George IV nampenda, ingawa wengi wanamcheka. Alitumia zaidi ya pauni 1,300 za wakati ule kwa vazi lake la Uskoti, likaja fupi kupita kiasi, naye chini yake akavaa taiti za rangi ya waridi ili asionyeshe miguu. Baadaye mchoraji David Wilkie alipomchora alizifuta taiti na kumpa magoti ya heshima. Kwa hiyo mwenye wasiwasi siku ya kwanza asijione wa peke yake.

Mimi sikuwa na wasiwasi wa miguu. Nilikuwa na wasiwasi wa kukaa. Mwalimu pekee aliyenisaidia katika jambo hili lote ni mke wangu, aliyenitazama nikijitupa kwenye kochi akafumba macho.

"Baba Zuhura, hivyo ndivyo utakavyokaa ndani ya basi?"

"Si ndivyo navyokaa na kikoi?"

"Kikoi kinafika miguuni. Hii imeishia njiani. Simama. Pitisha mkono nyuma, laza marinda, halafu ukae. Magoti yasalimiane."

Akanirudisha wima, akanikalisha tena, mpaka akaridhika. Binti yetu alikuwa mlangoni anarekodi kwa simu. Sasa nikikaa, marinda yanalala chini yangu yamenyooka, na upepo nao haunipati, kwa kuwa sufu nzito haipeperuki ovyo. Wanaoaibika ni wale walionunua vile vitambaa vyepesi vya nailoni kwenye maduka ya watalii, Royal Mile kule Edinburgh. Upepo wa pale hauna haya. Usidanganywe hata hivyo kwamba sufu inatatua kila kitu: kiangazi ukienda Nyanda za Juu, visubi watakung'ata nyuma ya magoti mpaka ukumbuke suruali kwa jina.

Shida iliyobaki ni mfuko. Kikoi kina kibindo, ambamo mpaka leo magazeti ya michezo hutia mamilioni ya wachezaji. Kilti haina mfuko hata mmoja, basi wao wakatundika kipochi cha ngozi mbele, kwa mnyororo, hapohapo unapopadhani. Humo unaweka simu, funguo na kadi. Ukikimbilia basi kinakupiga. Ukifika kwa mhudumu wa duka, mkono unachimba mahali ambapo mwenye heshima zake hachimbi mbele za watu, huku foleni nzima ikitazama dari. Siku hizi nakisogeza ubavuni. Wapo mafundi wanaoshona kilti zenye mifuko, na wazee wa mila wakiziona hushika vichwa. Nikipata pesa nitanunua mbili.

Swali lile lilinifikia kituo cha basi. Bibi mmoja wa makamo, amechangamka na kinywaji, akaniuliza kwa sauti chini mna nini, na mwenzake akanyoosha mkono wa kwenda kuhakikisha. Nikarudi nyuma hatua moja. Hebu geuza: ningemuuliza mimi swali hilo, nikanyoosha mkono huo kwenye sketi yake, jioni ile ningelala kituo kingine kabisa. Yeye alicheka tu, na waliokuwepo wakacheka. Wanaume wa huku wamezoea, wanajibu mzaha kwa mzaha. Mimi nimelelewa kwamba ukiulizwa hivyo humjibu mtu, unamuuliza yeye ni mtoto wa nani.

Hadithi kwamba mwanamume kamili havai kitu ndani inahusishwa na vikosi vya jeshi, na jeshi lina mambo mengi ambayo raia hatakiwi kuyaiga. Mwaka 2010 mkurugenzi wa Scottish Tartans Authority aliwaambia watu waziwazi wavae nguo ya ndani kwa ajili ya usafi. Wakodishaji wa kilti nao wanaomba hivyohivyo, na ukifikiria idadi ya mabwana harusi wanaopokezana nguo moja huhitaji kuelezwa zaidi. Mimi navaa bukta. Nimesema, na asiniulize mtu tena.

Baada ya wiki kadhaa dukani wakanizoea. Kijana wa mikate anauliza hali ya mke wangu, haulizi tena kama natoka harusini. Siri ya kuivaa kilti, kama ipo, ni kuacha mikono itulie: anayejivuta upindo kila hatua ndiye anayetazamwa.

Juzi jirani yangu alinigongea. Ana harusi ya mpwa wake, amekodi vazi zima mpaka kisu cha soksi, na anataka nimtazame nyuma kama marinda yamelala vizuri. Nikamwambia ageuke. Marinda yalikuwa sawa. Alipogeuka tena mbele nikaiona pini, ameichoma kwenye vipande vyote viwili.

"Umependeza, mzee," nikamwambia, nikamfungulia mlango wa chini.