Namna ya Kumtembelea Okapi

Ewe mkazi wa Kpandroma uliyechoka na baridi ya vilima vya Djugu, pori la okapi halihitaji pasipoti. Liko ndani ya Ituri hii hii. Unashuka Bunia, unapita Komanda na Mambasa, unafika Epulu. Habari za barabara uliza asubuhi ya safari, tena kwa dereva aliyerudi jana, si kwa yule anayetafuta wa kujaza gari. Mkoa uko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na kumwambia askari wa barieri kwamba unakwenda kutazama wanyama ni njia ya hakika ya kulala barieri.

Hifadhi hiyo ya okapi ilianzishwa 1992, ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000. UNESCO iliiandika urithi wa dunia 1996, na mwaka uliofuata ikaiweka pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kasi hiyo tungeipata kwenye ukarabati wa barabara!

Ukitaka kufuata desturi za wageni waliotangulia, njoo na msumeno wa mashine, au draga ya kunyonya dhahabu mtoni. Kama mfuko haukuruhusu, nunua tu nyama ya pori iliyokaushwa kando ya barabara, kisha lalamika kwamba umetembea siku nzima hukuona hata mnyama mmoja. Makaa ya kupikia nayo chukua magunia mawili. Miti ni mingi, nani atahesabu?

Kiongozi wako awe Mmbuti, mwenyeji wa msitu, naye umlipe franka, si sigara na chumvi. Usimfundishe kutembea kimya. Wazungu walimwandika okapi vitabuni 1901 wakatangaza wamemgundua. Kwa wazee wa kiongozi wako okapi alikuwa akijulikana zamani, hadi ladha.

Usitegemee kumwona. Okapi hutembea peke yake, masikio makubwa, na ulimi mrefu unaofika kuyasafisha masikio hayo. Kabla hujafungua simu kupiga picha ameshaondoka. Zamani ungewakuta wa kufugwa kituoni Epulu. Juni 2012 wanamgambo wa Mai-Mai wa Morgan walivamia kituo, wakaua watu, wakiwemo walinzi, na okapi 14. Kwa hiyo unapomkuta mlinzi wa ICCN, shirika la hifadhi, akikagua begi lako taratibu, mwache akague. Na usimuulize kama mshahara umefika.

Limebaki jambo la choo. Mtoto wa okapi, akizaliwa, hukaa mwezi mzima na zaidi bila kujisaidia haja kubwa, amejificha kichakani, na inadhaniwa ni ili chui asimnuse. Wewe hudaiwi kiasi hicho. Chimba shimo, mbali na mto, ufukie. Na karatasi ya biskuti urudi nayo Kpandroma.