Mbuzi wa Manowari

Sisi wa Kanzenze ni watu wa viazi. Ziwa Kivu liko kule chini Gisenyi. Huku juu maji tunayoyajua ni ya mvua, nayo huingia bila hodi. Sasa mtu wa viazi kuunda manowari, katumwa na nani?

Nilitumwa na Kingani, meli ndogo ya Wajerumani, takriban mita 17, iliyofanya doria Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili kutoka London, Mimi na Toutou: kwa bahari hadi Cape Town, kwa treni, kisha zikaburutwa porini Kongo. (Nahodha akiuliza nani kapiga mzinga, sijui walijibuje.) Tarehe 26 Desemba wakaiteka Kingani, wakaiita Fifi. Nahodha wa Kijerumani aliuawa; mbuzi aliyekuwamo akanusurika.

Kingani yangu niliiunda kwa bati la makopo ya mafuta ya kula, sentimita 5 kwa kila mita, kila mshono nikaulehemu. Turubai ya sitaha ilikuwa maganda ya mahindi. Nikaianika rangi ikauke. Kugeuka, mbuzi wa mama anatafuna.

"Mama, mbuzi wako amekula turubai ya Mjerumani!"

"Mwambie huyo Mjerumani aje afunge vitu vyake."

Siku ya kuishusha ziwani, motari wa pikipiki aliitazama mara mbili. "Mzee, sheria ni abiria mmoja. Na huyu wa pili hana hata kofia." Nikaikumbatia kama mtoto mwenye homa. Waingereza niliokuwa nikiwacheka walivuka nusu ya Afrika. Mimi kufika Mahoko tu, bomba la moshi halipo.

Ikabaki silaha. Fifi ilifungwa mzinga mzito hivi kwamba ukipigwa, inasemekana, meli ilikaribia kusimama. Nami, kwa kuheshimu historia, nilifunga bolti ya lori kwenye omo. Kuiweka majini, ikainama kwa adabu kama inayowaamkia wakwe, ikajaa, ikatua chini, maji ya magotini. Wavuvi wa sambaza waliniuliza kama ni nyambizi. Nikasema ndiyo.

Lakini lehemu yangu haikuvuja hata tone, na hilo mama aliliona kabla yangu. Leo Kingani imetia nanga mbele ya zizi, imejaa maji hadi ukingoni. Kule Tanganyika, adui aliteka meli akamwacha mbuzi. Kanzenze, mbuzi ndiye aliyeteka meli.