Barua ya wazi kwa ofisi yenye muhuri wa zambarau

Basoko, jimbo la Tshopo

Kuhusu: faini ya kodi ya mapato, na ombi la kumwandikisha mlipakodi mwingine

Mheshimiwa Mkuu,

Ningependa kukuita kwa cheo chako kamili, lakini muhuri uliogongwa chini ya ilani yako umeniachia duara la zambarau na mikia ya herufi. Nimeuanika juani, kisha nikaupeleka kwa fundi saa mwenye kioo cha jicho. Yeye anasema ni ofisi ya taifa. Katekista wetu anaapa ni ya jimbo. Mke wangu, ambaye ndiye mshika fedha wa duka, anasema ni ya teritwari, maana hao tu ndio hawajapita mwezi huu. Mlipakodi wa huku ana wakubwa wa kumtosha katika kila ngazi, kwa hiyo naandika kwa yeyote mwenye wino huo, naye anisamehe kama nimemwongezea cheo au kumpunguzia.

Kwanza nakushukuru kwa kunikadiria juu hivyo. Duka langu linauza chumvi, sabuni, betri na mafuta ya mawese kwa bidoni. Kwa utaratibu wa biashara ndogo uliowekwa Februari 2013, muuza bidhaa wa aina yangu alitakiwa atoe asilimia 1 ya mauzo. Nilitoa, na risiti naiweka ndani ya Biblia, mahali ambapo hata panya wanaona haya. Wewe umeniandikia mapato ambayo mke wangu alipoyasoma aliniuliza huyo mwanamke wa pili anakaa wapi. Mtu mwenye mapato yale asingekuwa Basoko akiandika barua. Angekuwa Kinshasa, akipokea barua za kusamehewa.

Sasa karatasi yenyewe. Jina lililoandikwa ni la marehemu binamu yangu, ambaye hakuwahi kuuza hata sindano. Mjumbe wako nilipomwonyesha hilo, alijibu kwamba ukoo ni uleule. Mwaka wa mapato umeandikwa 20, kisha vitone. Mahali pa kutaja kifungu cha sheria nilichokivunja pako wazi, labda mnasubiri nichague mwenyewe. Ila tarehe ya kupokelewa, hapo hamkukosea nafasi! Imejazwa kwa wino mweusi, Kisangani, kwa mkono uleule uliotia sahihi, siku ileile ya sahihi, utadhani nalala chini ya meza yako. Wakati mimi nikihesabiwa kuwa nimepokea, ilani ilikuwa haijatoka mjini. Muda wa kulipa ukaisha ikiwa Isangi, chini ya magunia, mashua ya baleniyeri ikingoja injini.

Na ndani ya ilani hiyohiyo, ya kwanza kabisa kunifikia, kuna mstari unaonitoza faini kwa kutojibu ilani. Ipi? Faini hii imezaliwa kabla ya mama yake. Ningedhani ni bahati yangu mbaya peke yangu, lakini uliza wenye maduka wa Yangambi, uliza wenye vinu vya mpunga wa Isangi, uliza akina mama wa vitenge hapa sokoni. Kila mmoja atafungua sanduku na kukutolea mtoto kama huyo.

Tuitazame pia kanuni yenu ya kimya. Nisipojibu, kimya changu ni kukubali, nanyi mnanikadiria kodi mnavyoona inafaa. Nikilalamika kwa maandishi, kama sheria ya taratibu za kodi ya tarehe 13 Machi 2003 inavyoniruhusu, nanyi mkanyamaza hadi muda ukaisha, kimya chenu ni kunikatalia. Kimya changu ni ndiyo, kimya chenu ni hapana, na mara zote mbili anayelipa ni mimi. Naomba tubadilishane kwa mwaka mmoja tu, nione raha yake.

Maombi madogo nayataja harakaharaka nisikuchoshe. Naomba wino mpya wa muhuri, nami nitachangia. Naomba mwaka wenye tarakimu nne. Naomba mjumbe anayeniletea faini asinidai nauli ya kuniletea faini.

Ombi langu kubwa ni hili. Nimefanya uchunguzi na kugundua kwamba mimi sikuchelewa. Aliyechelewa ni mto. Ilani ilikabidhiwa kwake Kisangani ikiwa kavu na yenye muda wa kutosha, yeye akaifikisha Basoko ikiwa imelowa na muda umekwisha. Kwa unyenyekevu wote, naomba Mto Kongo uandikishwe kuwa mlipakodi, upewe nambari yake ya kodi, na faini yangu ihamishiwe huko.

Ni mlipakodi wa ndoto, Mheshimiwa. Una urefu wa kilomita kama 4,700, unavuka ikweta mara mbili, na haujatangaza mapato tangu uumbwe. Samaki wote wale, nauli zote za mashua na baleniyeri, magogo, magugumaji, na hakuna daftari hata moja! Isangi umeungana na Lomami. Hapa Basoko umeungana na Aruwimi mchana kweupe, mbele ya macho yangu, na hakuna aliyepeleka popote hati za kuunganisha kampuni. Huko chini unapita kati ya Kinshasa na Brazzaville ukihudumia dola mbili kwa mpigo, jambo ambalo wataalamu wenu watalifanyia semina ya wiki nzima yenye posho. Kisha unamwaga baharini mita za ujazo kama 41,000 kila sekunde. Huko ni kusafirisha mali nje ya nchi, usiku na mchana, bila karatasi ya forodha.

Ugumu uko kwenye jina, na hapo ndipo naona hakuna ofisi inayoufaa mto huu kuliko yako. Juu ya maporomoko ya Boyoma unaitwa Lualaba. Ukifika Kisangani unaitwa Kongo. Kuanzia 1971 hadi 1997 uliitwa Zaire. Mlipakodi wa majina matatu angewasumbua watu wanaojali majina. Ninyi andikeni lolote litakalokuja, na likikosekana, la marehemu binamu yangu bado liko mikononi mwenu.

Ilani ipelekwe kwa wavuvi Wagenia, pale kwenye mitego yao, maana wao ndio wenye uzoefu wa kuushika mto huu. Ukikataa kutia sahihi, mjumbe aandike "amekataa", kama alivyoniandikia mimi nikiwa sokoni. Usipolipa, afisa wenu wa kukamata mali aje Basoko, nitamwazima ndoo. Akae ukingoni na mashahidi wawili wenye vitambulisho, ajaze orodha yake: ndoo ya kwanza, maji, hali nzuri, ndoo ya pili, maji, hali kama ya kwanza, ndoo ya tatu, maji na kambare mmoja, kambare ana pingamizi. Mali ifungwe kwa lakiri. Mnada ningeshauri ufanyike wakati wa kiangazi, mto ukiwa chini, ili bei ipande. Na mto ukithubutu kuandika malalamiko, nyamazeni mpaka muda uishe. Kipaji hicho tayari mnacho.

Sasa niruhusu niweke ndoo chini.

Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague iliiamuru Uganda iilipe nchi yetu dola milioni 325. Mimi nilikuwa Kisangani Juni 2000, katika zile siku sita za mapigano. Sitazisimulia, waliokuwepo wanazijua na wasiokuwepo wametembezwa makaburini. Nataka kuuzungumzia uamuzi ule kama karatasi tu. Mdaiwa ametajwa kwa jina lake. Kosa limetajwa. Kiasi kimechambuliwa: milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali zilizoharibiwa, milioni 60 kwa utajiri wa asili. Malipo ni mafungu matano ya milioni 65, la kwanza tarehe 1 Septemba 2022, na fungu likichelewa, riba ya asilimia 6 kwa mwaka inaanza kuhesabiwa kesho yake. Kesho yake, Mheshimiwa. Si mwezi uliotangulia. Na kabla ya hapo pande mbili zilikuwa na nafasi ya kuelewana tangu hukumu ya mahakama hiyohiyo ya Desemba 2005. Dola iliyoleta mizinga yake kupigana katika mitaa yetu imeandikiwa kwa adabu, kwa tarehe na kwa hesabu inayosomeka. Muuza sabuni wa Basoko anatupiwa karatasi ya marehemu.

Wala msije kutufundisha kwamba watu wa huku hawajui kodi. Basoko ilikuwa boma la Dola Huru la Kongo na makao makuu ya wilaya ya Aruwimi. Dekreti ya Novemba 1903 ilimtaka mtu mzima atoe kazi ya saa 40 kwa mwezi kuwa kodi yake. Nani alizihesabu hizo saa? Mwenye bunduki. Mpira wa kodi aliupima yeye, upungufu aliutaja yeye, adhabu akaitoa yeye, na karatasi, kama ilikuwepo, ilibaki kwake. Bibi zetu walilipa faini zisizoandikwa popote. Sisi tumeendelea sana, za kwetu zina muhuri.

Unisamehe, Mheshimiwa, nimepandisha sauti katika barua rasmi. Ni joto la leo. Mvua inakusanyika upande wa Aruwimi, ikishanyesha nitakuwa mtu mwingine.

Kodi ninayodaiwa kwa haki nitailipa, kama kawaida yangu, nitakapopata baleniyeri yenye injini inayowaka. Faini sitailipa. Hapa chini ya pini nimeambatanisha ilani yako, bahasha yake yenye alama za maji, na ushuhuda wa nahodha juu ya siku aliyonikabidhi, ulioandikwa kwa mkono wake na wenye tarehe kamili, ingawa yeye alisoma madarasa machache kuliko makarani wako. Naomba jibu la maandishi, lenye kifungu cha sheria. Mjumbe akifika gatini aulize duka la chumvi, kila mtu atamwelekeza.

Usinitafute kwa jina lililo kwenye ilani, maana watakupeleka makaburini. Tumia nambari ya kodi. Ni ileile mliyoiandika, mkiondoa tarakimu mbili za mwisho, ambazo si zangu.

Wako katika kulipa,
Mwenye duka, Basoko

Nakala kwa taarifa: Mheshimiwa Gavana wa jimbo, Bwana Administrateri wa teritwari, wenye maduka wa Yangambi na Isangi, Mto Kongo, kwa mkono wa Wagenia.