Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri, Kuhusu Msomaji wa Risala

Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali,
Mazizini, Unguja.

Naomba radhi kwa kukukatiza shughuli zako adhimu, na radhi nyengine kwa kuiomba ile ya kwanza kwa maneno machache.

Mimi ni mzee wa mwanafunzi tu, Mji Mkongwe. Skuli ya jirani ilipokea mgeni rasmi, ambaye kwa heshima simtaji. Msichana wa darasa la sita akasimamishwa kusoma risala. Alisoma, Mheshimiwa! Kurasa mbili, hakubabaika pahala. Vifijo vikapigwa, akatunzwa noti. Nilipomuuliza baadaye risala imeomba nini, akacheka: "Sijui, kaiandika mwalimu." Iliomba vyoo. Naongeza, kwa adabu zote, kwamba mgeni naye alipojibu alituahidi kompyuta.

Sidharau kusoma kwa sauti. Kwenye chuo cha Kurani watoto wetu hupanda juzuu kwa juzuu kabla hawajakijua Kiarabu, na matamshi yale ni ibada. Lakini skuli ina kazi nyengine. Kiswahili nacho huandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo aliyeshika silabi huweza kuisoma hata Katiba yote, akapongezwa, asijue imesema nini.

Utafiti wa kimataifa wa PIRLS, ulioanza 2001, huwauliza watoto wa darasa la nne wanajiamini vipi katika kusoma, kisha huwapima ufahamu. Ndugu zetu wa Oman wamo tangu 2011. Kwa kawaida wanaojiamini hupata alama za juu, ila utafiti hausemi kipi kimezaa chenziwe. Mie, kwa ruhusa yako, naona ufahamu utangulie. Vifijo navyo huzaa kujiamini, lakini ni kule kujiamini kwa msomaji wa risala. Katika utafiti huo huo, Afrika Kusini, mwaka 2021, watoto 81 katika kila 100 wa darasa la nne hawakuweza kusoma kwa kuelewa.

Kwetu Zanzibar, sera ya elimu ya 2006 ilipozitia hisabati na sayansi katika Kiingereza kuanzia darasa la tano, wako wanafunzi walionyamaza. Wajanja walizidisha sauti.

Ombi langu ni dogo hata naona haya. Ukizuru skuli, vifijo vikishatulia, muulize msomaji suali moja tu juu ya alichokisoma, kwa upole, asifedheheke. Na yule wa dawati la nyuma anayesitasita kila neno lakini kisa anakijua mwanzo hadi mwisho, naye atunzwe noti.

Jibu lako nitalipokea kwa mikono miwili. Likiandikwa na wasaidizi, namuomba Mheshimiwa alisome kabla ya kulitia saini.

Wako mtiifu,
Mzee wa mwanafunzi