Sifa za Mamba wa Kompyuta

Huku kwetu Kigoma, kahawa ya Kalinzi ina wa kuisifu, na dagaa wa Kibirizi wana wa kuwasifu. Leo naomba nafasi nimsifu asiye na msifu: mamba wa Primeval, filamu ya Kimarekani ya mwaka 2007.

Kwanza nasifu haya zake. Filamu ilipotangazwa, mamba alifichwa. Watu waliambiwa ni kisa cha kweli cha muuaji asiye na mfano, wakalipa kiingilio wakidhani wanakwenda kumwona binadamu mwenye kisu. Ni mfanyabiashara gani mwingine anayeona aibu kutaja anachouza?

Pili nasifu mbio zake. Gustave, mamba wa kweli ambaye kisa chake ndicho kilichoizaa filamu hii, wa Mto Ruzizi na ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, alikuwa mzee mzito aliyekadiriwa kuzidi mita 6, mwili una makovu ya risasi. Mamba wa aina yake akiwa nchi kavu hukurupuka hatua chache tu, pumzi zikamwishia. Huyu wa kompyuta hachoki. Anafukuza watu nyikani kama bodaboda inayomuwahi abiria wa Manyovu. Sisi wa Kalinzi tuliojipa moyo kwamba mamba hapandi milima, tumeonywa.

Tatu nasifu ubahili wa filamu. Burundi, ambako kisa kinatokea na ambayo kutoka kwetu ni mwendo wa kuvuka mpaka tu, imepigwa picha Afrika Kusini. Vita vilivyowaleta Warundi maelfu kwa maelfu kutafuta hifadhi Kigoma vimepewa kazi ya kujaza muda mamba anapopumzika. Hata maneno yamebanwa: wahusika wanasema machache yenye maana, hivyo mtafsiri wa kibanda umiza anapata uwanja mpana wa kuwatungia ya kwake, na yake ndiyo matamu.

Nne nasifu jinsi filamu inavyojali usingizi wetu. Mfaransa Patrice Faye na wenzake walimtegea Gustave kizimba cha chuma chenye chambo. Mzee akawapuuza, na filamu ya hali halisi ya msako huo, ya mwaka 2004, ikaisha kizimba kikiwa kitupu. Hollywood haikubali deni la namna hiyo. Stelingi hafi, adui anakufa, watu wanarudi nyumbani.

Sifa kubwa nimeiweka mwisho. Katika filamu hii mamba ametafuna wavuvi na wanakijiji wengi, na hakuna kamera iliyosogea. Anapomla mtafiti mmoja mzungu, ndege inapakia waandishi wa habari kutoka Marekani siku si nyingi. Wakosoaji walioicheka kwa uongo wa mamba wake hawakuitendea haki. Ukubwa wa mnyama ni wa kubuni, mbio zake ni za kubuni, kifo chake ni cha kubuni. Lakini hesabu ya nani akiliwa inakuwa habari, hiyo wameipiga sawasawa.