Jani Moja, Mashamba Matatu

Tuseme karani wa chama cha msingi cha ushirika huko Ziba, wilayani Igunga, ameikabidhi kazi ya picha kwa wakala wa akili mnemba. Mkulima anapiga picha ya jani la pamba lililotobolewa na wadudu, wakala anaipakia kwenye seva, ofisa ugani anaitazama akiwa mjini. Mtandao unakatika wakati picha imeshafika lakini jibu halijarudi. Wakala, asiyejua kuchoka wala kuona haya, anarudia. Kisha anarudia tena. Kufika jioni kumbukumbu zinaonyesha mashamba matatu yaliyovamiwa, yote yana jani lilelile lenye tundu lilelile, na ofisa anatafuta dawa ya ekari ambazo hazipo. Lawama zitaangukia mtandao, au akili mnemba, au wadudu wenyewe. Mimi nasema mkosaji wa kwanza ni maelezo ya matumizi ya zana ya kupakia: yaliandikwa kwa ajili ya mtu aliyekulia mtaani, kisha yakapewa msomaji asiye na mtaa.

Maelezo ya kawaida husema hivi: pakia picha nzuri, isiwe kubwa sana. Binadamu husoma hayo, hujikuna kichwa, humuuliza jirani. Mashine haina jirani. Kubwa kwa upana, au kwa uzito wa faili? Picha ya megabaiti 4 ikigeuzwa maandishi ya Base64, kama zana nyingi zinavyotaka, huongezeka kwa theluthi moja na kuvuka megabaiti 5. Seva yenye kikomo hicho inaikataa kwa kosa namba 413 na kunyamaza. Wakala naye anaipunguza picha mpaka inakuwa ndogo kuliko stempu, mdudu anageuka nukta, na mkulima anajibiwa kwamba shamba lake halina tatizo. Kuna pia alama ndogo ndani ya faili inayosema picha itazamwe upande gani. Ikifutwa, jani litalala ubavu bila manung'uniko. Picha ya mwenyekiti ikilala ubavu, kikao kizima kitasimama. Faili hilohilo laweza kubeba majiranukta ya mahali picha ilipopigwa, yaani ramani ya kufika nyumbani kwa mtu, na maelezo hayasemi kama seva huyafuta au huyatunza.

Wapo watakaosema mashine hizi zina akili, zitakisia zenyewe. Kukisia ndiko kunakotisha, na njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ina ushahidi. Mmisionari na mpelelezi Livingstone alipofika Ujiji Oktoba 1871 alikuta bidhaa alizotumiwa zimeuzwa zote. Kwa maelezo ya Livingstone mwenyewe, msimamizi wa mzigo, Sherif, alitazamia kwa Kurani, akaona kwamba mwenye mali ameshafariki, akafungua biashara. Marehemu akaja kuulizia mali yake kwa miguu yake miwili. Tuiweke kando tamaa, ambayo mashine haina. Kinachobaki ni wakala mwerevu aliyekutana na jambo lisilo na maagizo, la mpokeaji asiyeonekana, akajaza pengo kwa uhakika kamili. Mjinga angekaa juu ya mzigo akasubiri.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: maelezo marefu hayasomwi, na kwa mashine kila neno lina gharama. Ni kweli. Tangu Novemba 2024, ulipotangazwa utaratibu wa MCP wa kuunganisha mawakala na zana, kila zana inayoufuata hujitambulisha kwa jina, maelezo na orodha ya vinavyotakiwa, na hayo yote hula nafasi katika kumbukumbu ya wakala kabla kazi haijaanza. Lakini ufupi na utata si ndugu. Mzigo wa pagazi wa Kinyamwezi ulihesabiwa kwa frasila, na frasila mbili, kama kilo 32, zilitosha mtu mmoja. Neno “frasila mbili” ni fupi kuliko “usiwe mzito sana”. Vivyo hivyo andika: JPEG au PNG, mwisho megabaiti 5 baada ya kugeuzwa, kila ombi liwe na namba yake, ili likirudiwa seva itambue ni lilelile, ukipata 413 punguza mara moja tu, ukikataliwa tena acha, mwambie karani.

Atakuja wa tatu aulize kwa nini picha isafiri kabisa, ilhali Nuru, programu iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na watafiti wa IITA, hutambua magonjwa ya mihogo kwenye simu bila intaneti. Hoja hiyo naipokea: mzigo salama kuliko yote ni ule usiobebwa. Ila chama cha ushirika kinahitaji kumbukumbu, na kumbukumbu haikai kwenye simu ya mtu mmoja. Picha itasafiri. Basi mwandishi wa maelezo apewe mtihani mmoja kabla zana haijafunguliwa: kila alipoandika “sana”, “nzuri” au “inavyofaa”, aulizwe ni kiasi gani. Akianza kujikuna kichwa, arudishiwe kalamu, kwa sababu mashine haitajikuna, itapakia.