Benchi la Nyuma

(Rwamishenye, mjini Bukoba. Msibani. Mvua imeingia bila hodi. Chini ya turubai, Kiti cha Plastiki kimebanana na Benchi lililoazimwa kanisani.)

KITI: Shikamoo, Ta Benchi.

BENCHI: Marahaba, mwanangu. Wewe dhehebu gani?

KITI: La kukodishwa, waitu. Juzi nilikuwa kwenye maulidi, jana kwa Wakatoliki. Nikirudi nahesabiwa miguu tu. Na wewe?

BENCHI: Mlutheri wa kuzaliwa. Benchi la nyuma, la waliotengwa.

KITI: Wametengwa na nini?

BENCHI: Na Meza ya Bwana. Binti akipata mimba kabla ya ndoa, hukaa kwangu mpaka siku ya kurudi kundini. Siku hiyo husimama mbele ya usharika, akatubu.

KITI: Na aliyempa mimba?

BENCHI: Yuko kwaya. Sauti ya besi ni adimu, mwanangu.

KITI: Basi dini ni hukumu tupu!

BENCHI: Taratibu, usivunjike kabla hujakaliwa. Hukuwepo mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walipotambuliwa mkoani kwetu. Watu waliuita Juliana, jina la vitambaa vya magendo kutoka Uganda. Mahubiri niliyoyasikia! Laana, Sodoma, moto.

KITI: Si nimesema?

BENCHI: Ngoja. Wiki ileile niliazimwa kwenye nyumba yenye mgonjwa, kijana aliyetengewa sahani na ndugu zake. Akaingia mama mmoja na beseni la maji ya moto, akamwogesha. Ni yule aliyeitikia “Amina” kwa sauti kuliko wote.

KITI: Yuleyule?

BENCHI: Yuleyule. Mdomo uliishia kanisani, mikono ikafika kwa jirani. Na kule Muleba, hospitali ya Ndolage iliyowapokea wagonjwa wale ni ya kanisa hilihili.

KITI: Sasa imani ilimfundisha lipi, kulaani au kuogesha?

BENCHI: Alitoka kanisani na yote mawili. Watu wa Uamsho, Balokole, walipoanza huku miaka ya 1930, mtu alisimama akataja dhambi zake mwenyewe, kisha akarudisha jembe aliloiba. Siku hizi tumeendelea: tunataja za jirani, na jembe tunabaki nalo.

KITI: Na hao kina mama wanaomenya ndizi pale jikoni?

BENCHI: Sikiliza vizuri. Visu vinamenya ndizi, midomo inammenya marehemu. Lakini wamekuja kabla ya jogoo, kuni wamebeba wenyewe, na hakuna aliyemuuliza mfiwa kama amemaliza ahadi yake ya kanisa.

(Mzee wa kanisa anaingia, koti linachuruzika maji. Viti vimejaa. Imebaki nafasi moja kwenye Benchi, karibu na binti aliyebeba mtoto mgongoni.)

KITI: Ta Benchi! Huyu ni nani?

BENCHI: Nyamaza. Ndiye aliyelisoma jina la binti huyo mbele ya usharika. Anatafuta kiti cha mbele.

KITI: Hakuna. Nimehesabu.

BENCHI: Sasa wanatazamana... Haya, mmoja amesogea.

KITI: Mzee?

BENCHI: Binti. Tena ananipangusa maji kwa khanga yake, mzee asilowe.